Shangazi, mdogo haongei na mama mkwe anamjaza Kinyakyusa

*Shangazi, shikamoo. Naishi Uyole hapa Mbeya, nina wavulana wawili. Mkubwa ana miaka minne, anaongea mpaka majirani wanamwita wakili. Mdogo ana miezi 22 na maneno yake ni manne tu: mama, baba, gari, hapana. Akitaka kitu anamvuta kaka yake mkono, kaka ndiye anasema. Mama mkwe alitoka Tukuyu akakaa kwetu miezi mitatu, akawa anamwongelesha Kinyakyusa kitupu. Nilipomkataza alikasirika akarudi kwake. Mpaka leo mtoto akiona maji anasema "amisi", ukimpa kitu anasema "ndaga". Mimi nataka waanze Kiingereza mapema kwa ajili ya shule. Mume wangu ni dereva wa lori, akirudi Jumapili hanisaidii, anacheza nao farasi sebuleni ni makelele tu. Simu nampa mtoto kidogo nikiwa dukani, na katuni anajua kufungua mwenyewe. Masikio yalimtoka usaha mara mbili wakati wa baridi ila yalikauka. Je, nimzuie bibi yao asiongee nao mpaka mdogo atakapoweza Kiswahili? Mama Wawili.*

Marahaba mwanangu. Pole, najua mzazi halali mtoto akichelewa kusema. Jibu la swali lako ni hapana, usimzuie. Mama mkwe umemwonea.

Ila nianze na jambo ulilolipitia haraka mwishoni, maana ndilo zito kuliko yote: masikio. Usaha kukauka si sawa na sikio kupona. Majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki kadhaa, hata miezi, na mtoto akawa anasikia sauti zimefifia. Mlango ukibamizwa anageuka, lori la baba yake analisikia, kwa hiyo nyumba nzima mnaamini masikio ni mazima. Kumbe maneno yanamfikia nusunusu, na mtoto hawezi kusema asichokisikia vizuri.

Mpime hivi nyumbani. Subiri atulie anacheza, kaka yake awe nje, redio na simu zimezimwa. Simama hatua mbili nyuma yake, asikuone wala asione kivuli chako, kisha umwite jina kwa sauti ya chini. Baadaye rudia upande wa pili. Watu hukosea hapa: wanapiga makofi au wanakanyaga sakafu kwa kishindo, mtoto anageuka kwa sababu ya mtikisiko, wanasema anasikia. Na hata akigeuka kila mara, bado mpeleke hospitali, ueleze kwamba usaha ulitoka mara mbili, uombe aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Usaha ukitoka tena usimtie mafuta ya kula, kitunguu saumu wala maziwa ya mama. Futa kwa kitambaa safi kikavu sehemu ya nje tu, umuwahishe kituo cha afya. Kama bado ananyonya chupa, asinyonye amelala chali. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata Julai ikiuma vipi: moshi wake unachangia magonjwa ya masikio na kifua, na hewa yake chumba kikifungwa inaua.

Sasa hiyo hesabu yako ya maneno manne. Hesabu upya. "Amisi" anaisema akiona maji, "ndaga" anaisema akipokea kitu. Hayo ni maneno, tena kayaweka mahali pake. Umeyafuta kwa kuwa yametoka kwa bibi. Hata "vuuu" ya pikipiki, kama kila siku anaitumia kwa pikipiki, ni neno. Mtoto wa lugha mbili huhesabiwa maneno ya lugha zote mbili kwa pamoja, na kusikia lugha mbili au tatu hakumcheleweshi mtoto kusema. Wangapi hapo Mbeya wamekua na Kinyakyusa, Kisafwa au Kindali nyumbani na Kiswahili barabarani, na leo wanafundisha shule hizohizo unazozitamani?

Vipimo vyenyewe ni hivi. Mwaka na nusu, mtoto ajaribu walau maneno matatu mbali na mama na baba, na aonyeshe kwa kidole anachokitaka. Miaka miwili, aunge maneno mawili. Kwa Kiswahili usisubiri "nataka maji" iliyonyooka, watoto wetu huangusha vile viambishi vya mwanzo: akisema "taka maji" kashaunga. Miaka miwili na nusu, awe na maneno kama 50. Wako ana miezi 22, kwa hiyo hajavuka mstari, ila yuko nyuma kidogo, na ukichanganya na yale masikio sitaki usubiri. Wewe umeandika anamvuta kaka mkono. Je, huwa ananyoosha kidole kukuonyesha ndege, mbwa, gari linalopita? Hukuandika. Kama hafanyi hivyo, au kama kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea, mwambie daktari siku hiyohiyo.

Na simu. Mwanangu, mtoto wa miezi 22 anayefungua katuni mwenyewe hakupewa simu kidogo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba chini ya miaka miwili mtoto asikalishwe mbele ya kioo cha simu au runinga kabisa, na kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Katuni haimsubiri ajibu. Bibi alikuwa anasubiri, ndiyo maana maneno ya bibi yamekaa.

Mume wako pia umemsingizia. Mchezo wa farasi ni somo. Jumapili ijayo mwambie asimame katikati ya sebule, agande, asiende mpaka mdogo aseme "twende". Asubiri kimya, ahesabu moyoni mpaka kumi, amtazame machoni. Akitoka na "tende" au "nde" inatosha, farasi aondoke na baba arudie sawasawa: "Twende!" Msimkemee "sema! sema!" wala kumnyima chakula mpaka atamke. Mkamia maji hayanywi.

Siku za kazi wachezeshe daladala. Panga viti, mkubwa awe konda, aite "Mwanjelwa! Soko Matola!", mdogo awe abiria, na gari lisisimame mpaka abiria aseme "shusha". Hapo mkubwa atamsemea, maana kazoea. Usimgombeze. Mpe kazi: konda kazi yake ni kusikiliza, abiria ndiye anasema. Na kila siku watenganishe robo saa, mkubwa akiwa chekechea au kwa jirani, ukae chini na mdogo na makopo, magunzi, vifuniko vya soda. Taja anachokitazama yeye, sio unachotaka kumfundisha wewe. Akisema "gari", wewe "gari kubwa". Akiliangusha, "gari limeanguka". Basi, halafu unyamaze umpe zamu. Mkubwa wako alisema mapema kwa sababu miaka miwili alikuwa na mama peke yake. Huyu hajawahi kuipata nafasi hiyo.

Kiingereza kiache kwa sasa. Mwongeleshe lugha unayoweza kutania nayo na kubembeleza nayo.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa mmoja: jioni baba na simu yake, mama na ya kwake, watoto na katuni, halafu tunashangaa nyumba haina mazungumzo. Mtoto hujifunza kujibizana kwa kuwasikia wazazi wake wakijibizana kwa amani. Na bibi akionekana tunamwita mshamba, wakati mkono mmoja haulei mwana.

Kwa hiyo Jumatatu nenda hospitali na kadi ya kliniki, waangalie pia kama chanjo ya surua na rubela ya miezi 18 alipata. Ukitoka huko, mpigie mama mkwe mwenyewe, usimtume mume. Anza na samahani, kisha mweleze habari ya masikio, umuulize ni maneno gani mengine mjukuu alikuwa anayasema kwake. Akikubali kurudi, chumba kiwe tayari.