Unataka kujenga mji janja? Anza na mtaro wa mtaani kwako

Kijana mmoja wa Arua, Uganda, ameniandikia: "Kaka, nataka kuingia kwenye teknolojia ya miji. Nisome nini?" Wenye ndoto hii ya mji janja, yaani mji unaoendeshwa kwa teknolojia ya kidijitali, tuko wengi, na sote tumekesha na video zilezile za Songdo, Korea Kusini, takataka zikifyonzwa kwa mabomba chini ya ardhi. Lakini kazi ninayojivunia leo niliifanya Bwaise, hapa Kampala.

Bwaise iko bondeni, mvua ikikaza kidogo tu maji yanajaa. Nilianza kwa kumwona mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, akanipa kijana wa kunitembeza. Mama mmoja muuza mkaa akanionyesha mstari wa tope ukutani kwake, usawa wa kitasa cha mlango. "Yalifika hapa," akasema, "na huwa yanaanzia pale kwenye kalavati." Kalavati yenyewe ilikuwa imezibwa nusu kwa kaveera, ile mifuko ya plastiki, na mchanga. Nikapima upana, nikapiga picha, nikaiingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyoanzishwa 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora. Njia hii si ngeni kwetu: Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi na wakazi wakachora wenyewe mitaa inayofurika.

Sasa niseme linaloniuma. Ramani ile niliipeleka ofisi moja hapa mjini, wakaniuliza programu iko wapi, skrini iko wapi. Baadaye nikaikuta ukutani kwenye mkutano, ina nembo yao. Bado linaniuma. Ila msimu huu vijana wa mtaa wamezibua mitaro kwa kuifuata ramani hiyohiyo, na mvua kubwa ilipopiga yule mama alinipigia simu usiku: maji yameishia barazani, mkaa wake mkavu.

Ndugu zangu, tuache kuabudu skrini! Sidewalk Labs, kampuni dada ya Google, ilikuja Toronto mwaka 2017 na mpango wa mtaa uliojaa vitambuzi, vifaa vya kukusanya taarifa. Pesa walikuwa nazo, wataalamu pia. Wakazi wakauliza taarifa zetu zitakuwa mali ya nani, mabishano yakachukua miaka, na Mei 2020 kampuni ikajitoa, ikitaja msukosuko wa uchumi. Watu kwanza. Waulize watu, kisha waulize tena, hasa akina mama na wazee ambao mvua huwakuta nyumbani.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Arua, kozi zipo na QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni ya bure, utajifunza. Ila Jumamosi hii nenda kwa LC1 wako ukiwa na futi ya kupimia na simu yenye chaji. Na uchore kwa akaunti yako mwenyewe. OpenStreetMap huhifadhi kila badiliko pamoja na tarehe na akaunti iliyolifanya, hivyo hata ofisi ikibandika nembo yake juu, atakayeifungua historia ya ramani atajua nani aliupima ule mtaro.