Usikubali kuambiwa "30 ni 30": soketi ya draya si soketi ya kampa

Mkuu, kabla hujamruhusu huyo fundi afungue soketi ya gerejini, soma hapa kwanza. Umeuliza waya mpya wa kampa (nyumba ya magurudumu ya kupigia kambi) uwe mrefu kiasi gani, ukate tundu la kuchomekea ubavuni badala ya waya uliofungwa moja kwa moja, upande kutoka amp 30 hadi 50 au ubaki, na mfuniko uwe wa rangi gani. Yote hayo yanasubirika. Kilichonishtua ni ule mstari ulioupitia mbio, kwamba fundi atang'oa soketi ya draya, mashine ya kukaushia nguo, na kubandika ya kampa kwenye waya ule ule, "kwa kuwa 30 ni 30," yaani zote mbili ni za amp 30. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na mtu mwenye leseni, yakaniunguzia konveta (ile inayochaji betri na kuwasha taa za volti 12), maikrowevu na kiyoyozi kwa mchomeko mmoja.

Soketi ya draya hapa Marekani ina laivu mbili, yaani waya mbili zenye umeme. Kila moja ukiipima na nyutro, waya wa kurudisha umeme, inatoa volti 120, lakini ukizipima zenyewe kwa zenyewe ni 240. Soketi ya kampa ya amp 30, ile inayoitwa TT-30, ina laivu moja, nyutro moja na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Volti 120, basi. Sisi tuliokulia kwenye 230 na 240 ndio tunaonasa haraka zaidi, maana mtu akikutajia 240 hushtuki, ndio umeme ulioujua tangu mtoto. Kwenye kampa ya Marekani ya amp 30, 240 ni moto.

Na usidhani breka, swichi inayojizima yenyewe amp zikizidi, itakuokoa. Breka inahesabu amp, volti haiijui kabisa. Hita ya 120 ukiipa 240 inatoa joto mara nne, na konveta ndiyo inayotangulia kufa kwa sababu kwa kawaida haina swichi. Ukichomeka tu, imeshaanza kazi. Kapasita zake zinapasuka, moshi unatoka chini ya kabati, na wewe bado umeshika plagi.

Sasa sikiliza vizuri jinsi kosa hili linavyopita hata kwenye kipimo. Fundi akibandika uso wa TT-30 kwenye waya wa draya, anaweka laivu moja kwenye tundu bapa la kushoto, laivu nyingine kwenye bapa la kulia, na ethi kwenye lile la duara. Halafu anachukua mita ya kupimia umeme, ncha moja kwenye bapa, nyingine kwenye duara. Inasoma 120. Anakuonyesha, anafunga boksi, anachukua hela yake. Hajadanganya, ila kapima mahali pasipo na jibu. Jibu liko kati ya bapa na bapa. Hapo ndipo utaona 240.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na hata ukisahau mengine yote hii ishike: plagi ya kampa haiingii kwenye soketi yoyote, ya nyumbani au ya uwanja wa kambi, kabla hujapima mara tatu kwa mkono wako. Weka mita kwenye volti za AC, umeme wa ukutani. Bapa kwa bapa iwe karibu 120. Kati ya 114 na 126 ni sawa. Bapa ya laivu kwa duara, 120 tena. Bapa ya nyutro kwa duara, sifuri au volti moja mbili. Ukiona 240 popote, ondoka. Ukiona 120 kati ya nyutro na ethi na sifuri kati ya laivu na ethi, waya zimegeuzwa, nayo usichomeke. Na hata vipimo vikiwa sawa, zima breka zote ndani ya kampa kwanza, chomeka, kisha washa moja moja.

Ninachokasirikia hadi leo ni kwamba maandishi yapo usoni mwa soketi. TT-30 imeandikwa 125V. Ya draya imeandikwa 125/250V. Ile ya zamani ya matundu matatu ina tundu moja lenye umbo la L, na kwenye paneli, kisanduku cha breka, breka yake ina vidole viwili vilivyofungwa pamoja. Mtu anayelipwa kwa kazi ya umeme anashindwaje kusoma maneno yaliyoko mbele ya pua yake? Mwambie wako atoe breka ya vidole viwili, aweke ya kidole kimoja ya amp 30, waya geji 10 (kipimo cha unene; namba ikipanda waya unakuwa mwembamba), mweusi kwenye breka, mweupe kwenye baa ya nyutro, ulio wazi kwenye baa ya ethi. Kama waya uliopo ukutani ni wa zamani na hauna ethi yake, avute mpya. Akibisha, tafuta mwingine.

Rangi nazo ni mtego kwa aliyejifunza umeme nyumbani. Kwa mfumo wetu wa zamani nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro. Hapa NYEUSI NDIYO LAIVU, nyeupe ni nyutro, kijani ni ethi. Ndani ya plagi, skrubu ya rangi ya shaba ni ya laivu, ya fedha ni ya nyutro, ya kijani ni ya ethi.

Waya wenyewe: geji 10 yenye waya tatu ndani, ya mpira wa nje unaohimili jua na maji. Kwa vipimo vya kwetu ni kama milimita za mraba 5.3, kati ya ile ya 4 na ya 6. Usichukue geji 12 kwa kuwa ni rahisi kukunja; kwa futi 50 na amp 30 inapoteza karibu volti 5, na hizo zote zinageuka joto ndani ya mpira. Geji 10 inapoteza kama 3. Futi 25 zinatosha viwanja vingi, beba nyongeza ya futi 25 ya unene huo huo. Kiyoyozi kikiwaka, tandaza waya wote chini. Ukiuacha umeviringishwa unajipika wenyewe.

Tundu la ubavuni ni zuri, kata. Paka rangi ukingo wa bati uliokatwa, weka butili, utepe wa gundi wa kuzuia maji, chini ya fremu, na usipake risasi ya kulehemu kwenye ncha za waya kabla ya kuzibana. Risasi hulegea chini ya skrubu, mguso unalegea, plagi inaanza kugeuka kahawia. Zungusha nyuzi kavu, bana hadi mwisho, kisha vuta kila mmoja kwa nguvu. Ndani ya paneli ya kampa, baa ya nyutro na ya ethi zisigusane. Zinaunganishwa kwenye chanzo cha umeme tu.

Amp 50 achana nayo. Kampa yako ina breka kuu ya 30 na kiyoyozi kimoja, yaani wati 3,600, na waya mnene hautaiongezea hata moja. Ukikuta nguzo ya umeme ya uwanja wa kambi yenye soketi ya 50 tu, adapta inachukua laivu moja kati ya mbili, unapata 120 yako.

Nunua pia kile kifaa cha ulinzi kinachokaa kati ya nguzo na waya, chenye kukata umeme ukishuka chini ya 104 au ukipita 132, sio kile cha bei ndogo cha kuzuia radi pekee.

Fundi anakuja lini? Mpigie leo. Akishamaliza, pima kabla hujamlipa, kisha niandikie hapa namba zako tatu na picha ya breka aliyoweka.