Mjane na tajiri mbele ya mwamuzi

Ndugu yangu, unauliza kama wewe, mzee wa kanisa unayesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, umwegemee mjane kwa kuwa mwenzake ni tajiri. Usifanye hivyo. Huruma yako naielewa kabisa, lakini Kutoka 23:3 inakataza kumpendelea hata maskini katika kesi yake, na mstari wa 6 unakataza kuipotosha haki yake. Torati ilimwachia maskini masazo ya mavuno (Walawi 19:9-10), ila hayo yalitoka shambani kwa mwenye mali, si kinywani mwa mwamuzi. Tafuta mashahidi wawili au watatu, wasikilize wote, na kwa tajiri usipokee hata kikombe cha chai kabla hujaamua.