Paka Anayenyonyesha Anashika Mimba, Usingoje Kama Nilivyongoja

Paka wangu Zabibu alijifungulia kwenye tenga la nguo chafu, nyumbani kwetu Tanga, usiku wa mvua. Watoto wanne. Wiki ya tano hivi, watoto wakiwa wameshaanza kulamba mchuzi wa dagaa, mama yao akaanza vituko. Anajisugua kwenye miguu ya meza, anajigaragaza sakafuni, ukimpapasa mgongoni anainamisha kifua, anainua kiuno na kusogeza mkia pembeni. Usiku ndiyo usiseme: analia kwa sauti nzito ya kukokota, kama mtoto mwenye homa. Nikadhani tumbo linamsokota.

Mama akaniambia, "Mwanangu, huyo anataka dume."

"Mama, si bado ananyonyesha?"

Nikamfungulia mlango apunge upepo. Dume la mtaani, lile lenye sikio lililochanika, lilikuwa limekaa juu ya ukuta tangu magharibi.

Baada ya siku 64 akazaa tena, watatu. Wawili hawakumaliza wiki. Mwenyewe alikuwa mbavu nje, uti wa mgongo unauhesabu kwa vidole, na wale wakubwa bado wanamvamia kutaka ziwa. Nilimwona akijaribu kuinuka aende kwenye sahani, akarudi akalala. Kosa lilikuwa langu, na nikilikumbuka bado naumia.

Kwa mwanamke, kunyonyesha kunaweza kuchelewesha mimba. Kwa paka usitegemee hilo. Wengi hurudi kwenye joto, yaani kutaka dume, kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya kuzaa, na wapo wanaowahi zaidi, hasa watoto wakifa au wakiondolewa mapema. Asipopandwa, joto hukaa kama wiki moja, hupoa, kisha hurudi baada ya wiki mbili tatu. Wala usikae ukisubiri kuona damu kama kwa mbwa; kwa paka dalili ni hizo za kulia na kujigaragaza. Tena yai la paka halishuki kwa kalenda, kule kupandwa ndiko kunakolishusha. Ndiyo maana dakika chache ukutani zinatosha, na ndiyo maana watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti.

Kwenye nchi za baridi paka wengi hupumzika miezi ambayo giza linaingia mapema, kwa sababu miili yao hufuata urefu wa mchana. Huku kwetu karibu na ikweta mchana haupungui sana mwaka mzima, basi na yeye hapumziki.

Kwa hiyo akishazaa tu, mfungie ndani. Madirisha weka wavu. Kama nyumbani kuna dume, watenganishe, hata kama ni mwanawe, maana wao hawajui udugu. Wale watoto nao wanaweza kuingia joto wakiwa na miezi minne tu, kwa hiyo waweke kwenye hesabu mapema.

Kufunga kizazi ni upasuaji: daktari wa mifugo anamlaza kwa nusu kaputi na kutoa vifuko vya mayai, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Wakati mzuri ni watoto wakishaacha ziwa, karibu wiki ya nane, maziwa yakishakauka. Lakini kama huwezi kumzuia asitoke, mweleze daktari. Anayenyonyesha anaweza kupasuliwa pia, na maziwa hayakatiki kwa sababu ya upasuaji. Akirudi, mweke chumba kimoja tulivu siku 10 hadi 14, asiruke wala asilambe mshono.

Jambo moja nakuomba sana: usimchome sindano ya majira ya binadamu, wala usimpe vidonge vya majira. Jirani yangu alifanya hivyo akidhani anaokoa pesa. Miezi michache baadaye paka wake alijaa usaha kwenye mfuko wa uzazi, na ukaja upasuaji wa dharura uliomgharimu zaidi. Paka aliyetolewa mfuko na vifuko vya mayai hapati ugonjwa huo, na akifungwa kizazi kabla hajatimiza mwaka, hatari ya saratani ya matiti inapungua sana.

Wapo walioniuliza kama si dhambi kumzuia kiumbe asizae. Ni swali la haki, hata mimi nilijiuliza. Jibu langu nililipata alfajiri moja njiani kwenda kununua samaki, kando ya jalala, kwenye kiroba kilichofungwa kamba, kinatikisika. Nilikifungua kwa meno. Ndani walikuwa watano, mmoja tu ana nguvu ya kulia.

Ukimpigia daktari, mwambie tarehe aliyojifungua, watoto wangapi bado wananyonya, na kama ametoka nje hata usiku mmoja. Hilo la mwisho usilifiche kwa aibu. Ndilo litakaloamua ampasue lini. Na muulize kabisa asile kuanzia saa ngapi.