Watoto wanaosomea nyumbani na tabia ya kupanga vitu

Dada, umesema unawafundisha watoto nyumbani na kutwa unapiga kelele wakusanye vitabu. Weka kando hiyo orodha yako ya tabia kumi unazotaka wajifunze, chagua moja tu. Iambatanishe na jambo wanalolifanya tayari: kabla ya kunawa mikono mchana, kila daftari linarudi rafuni. Ukikuta penseli mezani, usiiokote wewe. Mwite mtoto mwenye penseli, mwonyeshe kwa kidole, nyamaza. (Kunyamaza ndiko kugumu!) Na usikate tamaa mapema, utafiti mmoja wa London uliochapishwa 2010 ulikuta hata watu wazima walihitaji wastani wa siku 66 kuzoea jambo jipya. Tabia ya pili isubiri mpaka hii ifanyike bila kukumbushwa.