Maswali na Majibu: Tunapoicheka Mimu, Tunacheka Nini?

Tangu nigusie nadharia ya uhakiki wa utamaduni katika safu hii, yaani namna ya kuyasoma mambo ya kila siku ili kuona imani zilizojificha ndani yake, wasomaji wameniandikia kuhusu mimu, yaani zile picha za utani zenye maneno machache zinazorushwa kutoka simu hadi simu. Nimechagua maswali sita.

Mimu ni utani wa kupitisha muda. Kwa nini wasomi wazibebeshe mzigo wa nadharia? (Msomaji, Dodoma)

Kwetu utani haujawahi kuwa jambo dogo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani anaweza kufika msibani akasema maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ataonekana hana adabu, lakini ruhusa hiyo ina mipaka yake, na kila aliyekulia humo anajua nani anamtania nani, wapi na kwa jambo gani. Nadharia hii inaiuliza mimu maswali yaleyale ambayo wazee wangeuuliza utani.

Neno lenyewe lilibuniwa na mwanabayolojia Richard Dawkins mwaka 1976, akimaanisha chembe ya utamaduni inayojinakili kutoka akili moja kwenda nyingine, mfano wa jeni, chembe ya urithi. Mfano huo unavutia, ila unaficha jambo: picha haijirushi yenyewe. Kuna mtu aliyeiona, akacheka, akaamua fulani naye aione. Mimu ni sentensi isiyokamilika ambayo anayeitazama ndiye anayeimalizia kwa mambo anayoyaamini tayari, na kwa hiyo swali ninaloliona la msingi kuliko yote ni hili: lazima niwe ninaamini nini kabla ya picha hii kunichekesha?

Tafadhali onesha kwa mfano mmoja jinsi mimu inavyosomwa. (Msomaji, Mombasa)

Tuchukue picha ambayo karibu kila mwenye simu ameiona: kijana wa kiume anatembea barabarani na mpenzi wake, shingo ameigeuza kumtazama mwanamke mwingine aliyepita, huku mpenzi wake akimkazia macho kwa mshangao na hasira. Ilipigwa mwaka 2015 na mpigapicha wa Kihispania, Antonio Guillem, ili iuzwe kwa yeyote anayehitaji picha ya kupamba tangazo au makala, na mwaka 2017 watu wakaanza kuwabandika maneno wale watu watatu. Mwanamume anaitwa "mimi", mpenzi wake anaitwa "kazi niliyopaswa kuifanya", na anayepita anaitwa "usingizi".

Roland Barthes, mhakiki wa Ufaransa, alieleza mwaka 1957 kwamba picha husema mara mbili. Mfano wake ulikuwa jalada la jarida la Paris Match lililomwonesha kijana mweusi mwenye sare za jeshi la Ufaransa akipiga saluti. Kwa kauli ya kwanza, ni kijana anayepiga saluti. Kwa kauli ya pili, ni himaya inayojitangaza kuwa wote inaowatawala wanaitumikia kwa moyo mmoja. Kauli ya pili hupita bila kubishiwa kwa sababu imejificha ndani ya ile ya kwanza, ambayo hakuna anayeweza kuikana.

Ndivyo ilivyo kwa picha ya Guillem. Niliwahi kuwapa wanafunzi picha hiyo bila maneno, nikawaomba waandike ya kwao. Walitaja mitihani, chipsi, mpira na mikopo, kila mmoja kwa ubunifu wake, lakini hakuna hata mmoja, si wa kike wala wa kiume, aliyeliandika neno "mimi" juu ya mwanamke. Mwenye kutamani alikuwa mwanamume, na wanawake wawili walikuwa vitu vya kuchaguliwa, kimoja cha zamani na kingine kipya. Hatukufundishana hivyo darasani, tulikuja nayo. Mwaka 2018 chombo kinachosimamia maadili ya matangazo nchini Sweden kiliamua kwamba tangazo la ajira la kampuni ya intaneti lililotumia mimu hii lilikuwa la ubaguzi wa kijinsia, kwa kuwa liliwaonesha wanawake kama vitu vinavyoweza kubadilishwa. Wengi waliuona uamuzi huo kama kukosa ucheshi. Mimi naona uliisoma picha vizuri.

Mwaka 2015 tulicheka sana na zile mimu za "Magufuli angefanya nini?" Zilikuwa za kumsifu au za kumkejeli? (Msomaji, Mwanza)

Zilikuwa vyote viwili, na jibu lilitegemea nani anazisoma. Kwa wasomaji wadogo nieleze kwanza. John Magufuli aliapishwa kuwa Rais tarehe 5 Novemba 2015, na katika wiki zilizofuata alibana safari za nje za viongozi, akapunguza gharama za hafla ya wabunge ili fedha zikanunue vitanda vya hospitali ya Muhimbili, na akaamuru Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, iwe ya kufanya usafi badala ya gwaride na sherehe. Mtandaoni ikazuka chemshabongo: ukitaka kununua kitu cha gharama, jiulize Magufuli angefanya nini. Hapo mtu aliweka picha ya kitu cha fahari kilichoundwa kwa vifaa vya bei ya chini kabisa, au namna ya kubana matumizi iliyopitiliza mpaka ikachekesha.

Stuart Hall, msomi wa utamaduni mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi yake Birmingham, Uingereza, alieleza mwaka 1973 kwamba ujumbe haumfikii mpokeaji ukiwa kama mtumaji alivyoufunga. Mpokeaji anaweza kuukubali ulivyo, anaweza kuukubali kwa sehemu huku akiupatanisha na hali yake, au anaweza kuugeuza dhidi ya aliyeutuma. Mtanzania aliyefurahia kuona anasa za wakubwa zikikatwa aliisoma picha kama sifa. Mfanyakazi aliyeunga mkono kubana matumizi, lakini akahofia posho yake, alicheka kwa kujihurumia kidogo. Picha ilipovuka mpaka, Wakenya na Waganda waliitumia kuwauliza viongozi wao kwa nini nao hawafanyi hivyo, na jina la kiongozi wa jirani likawa fimbo ya kumchapia wa nyumbani.

Mwaka huohuo wa 2015 Tanzania ilipata Sheria ya Makosa ya Mtandao, na mwaka 2018 zikafuata kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mahali ambapo neno la wazi linaweza kumfikisha mtu mahakamani, fumbo hupanda thamani. Ninawaomba watafiti wanaohesabu mimu za siasa wakumbuke hilo, kwa sababu picha inayoonekana ya kipuuzi inaweza kuwa ndiyo kauli pekee ambayo mtu alithubutu kuitoa.

Sura za Aki na Pawpaw zinatumiwa mpaka Brazil na Marekani. Si jambo la kujivunia? (Msomaji, Kampala)

Ni la kujivunia, lakini hebu tulitazame kwa karibu. Chinedu Ikedieze (Aki) na Osita Iheme (Pawpaw) walikuwa watu wazima walipoigiza watoto watundu katika filamu ya Nigeria ya mwaka 2002, na waliigiza kwa ustadi uliowafanya wapendwe Afrika nzima. Anayeijua filamu anacheka utundu wa mtoto aliyebuniwa. Asiyeijua anapata kipande cha sekunde tatu kisicho na jina la mwigizaji wala hadithi, na kilichobaki cha kuchekwa ni mwili mfupi na uso mweusi. Mwaka 2017 mwandishi wa Marekani Lauren Michele Jackson alionya kuhusu watu wasio weusi wanaozitumia nyuso za watu weusi kila wanapotaka kuonesha hisia zilizopitiliza, na akalihusisha jambo hilo na maigizo ya zamani ambamo wazungu walijipaka masizi ili wachekeshe. Sisemi picha hizo zifutwe. Nasema wasanii wale watajwe majina.

Wanafalsafa wa Frankfurt wangesemaje? (Msomaji, Nairobi)

Theodor Adorno na Max Horkheimer, Wajerumani wa kundi hilo la Frankfurt, wakiwa ukimbizini Marekani miaka ya 1940, waliandika kwamba burudani imekuwa bidhaa ya kiwandani inayowazoesha watu kukubali hali yao. Wangetuonesha kwamba anayetunga mimu halipwi, ilhali mwenye jukwaa anauza matangazo pembeni yake. Hapo ninakubaliana nao kabisa. Nisichokikubali ni dhana kwamba mlaji hupokea tu, maana mimu hutungwa na haohao wanaoitazama.

Nianzie wapi nisipoweza kuvipata vitabu vya wanafalsafa hawa? (Msomaji, Tanga)

Anzia sandukuni kwa mama yako. Kanga ina pindo, mji na jina, na ni jina linaloifanya izungumze. Aliyeitunga hajulikani, nakala zake ni maelfu, na maana yake haitimii mpaka ivaliwe na mtu fulani mbele ya mtu fulani. Mama yangu mdogo alikuwa na kanga iliyoandikwa "Wivu wako ndio dhiki yako", na aliivaa siku moja tu katika juma, siku ambayo jirani mmoja alikaa barazani kuchambua mchele. Jirani hakuweza kulalamika, kwa sababu kulalamika kungekuwa kukiri kwamba kanga imempata.

Ukimwona leo mtu ameweka mimu kwenye stetasi yake ya WhatsApp bila kutaja jina, jiulize barazani amekaa nani. Tofauti moja ipo: mwenye stetasi hupewa orodha ya waliotazama. Mama mdogo hakuwa na orodha, hivyo alikwenda dukani mara mbili.