Kabla ya kukokotoa, ulizeni namba imetoka wapi: kwa wanaoanza somo la takwimu

Wadogo zangu mnaoanza somo la takwimu muhula huu hapa Moshi, pamoja na ninyi mlioajiriwa kwa mara ya kwanza kuwa wadadisi wa tafiti za vijijini, naandika haya kwa sababu makosa yale yale yamerudi. Karibu kila kundi jipya huniletea ripoti yenye jedwali safi lililotoka kwenye SPSS, programu ya kompyuta ya takwimu, ambamo wastani wa jinsia ni 1.47 na mkengeuko sanifu wake, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, umeandikwa hadi desimali tatu. Nikiuliza maana yake, najibiwa kwamba ndivyo programu ilivyotoa. Kumbe jibu lilikuwa humo humo: ikiwa mwanamume amepewa 1 na mwanamke amepewa 2, basi 1.47 inasema kwamba asilimia 47 ya waliohojiwa ni wanawake, na msomaji angelielewa hilo mara moja kama lingeandikwa hivyo. Kukokotoa mnajua, wala sina shaka. Mnachokikwepa ni kuuliza namba ilizaliwaje, na hicho ndicho kiini cha somo hili.

1. Someni data kwa macho kabla ya kutoa amri yoyote, kisha mzichore. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na jozi 11 za namba. Katika zote nne wastani wa x ni 9, wastani wa y ni karibu 7.5, na kipimo cha uhusiano kati ya x na y, ambacho hakizidi 1, ni karibu 0.82, kiasi kwamba ukisoma muhtasari tu utaapa kuwa ni kitu kimoja. Ukizichora, ya kwanza ni nukta zilizotawanyika kandokando ya mstari, ya pili ni mkunjo kama upinde, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoka nje, na ya nne ni nukta zilizosimama wima, isipokuwa moja iliyo mbali ambayo peke yake ndiyo inayoleta uhusiano wote. Zitafuteni, mzichore kwa mkono kwenye karatasi ya grafu. Mwanafunzi aliyezichora mwenyewe huwa haamini tena muhtasari ambao hajaona mchoro wake.

2. Kipimo kiandikwe ndani ya dodoso, kisiachwe kichwani mwa mdadisi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili liliniuma na bado linaniuma.

Kikundi nilichokuwa nikikisimamia kilikwenda vijiji vya upande wa Kibosho kuwahoji wakulima wa kahawa. Swali lilikuwa fupi: "Msimu uliopita ulivuna kilo ngapi za kahawa?" Nililisoma mwenyewe kwenye rasimu, sikuona kasoro, nikalipitisha. Wadadisi wale walifanya kazi kwa bidii kubwa. Walipanda na kushuka makorongo, walikaa kwenye vihamba chini ya migomba wakisubiri kina mama wamalize kukata majani ya ng'ombe, na kila dodoso lilirudi limejazwa kwa mwandiko unaosomeka. Data zilipoingizwa, kaya za vijiji vya chini zilionekana kuvuna zaidi ya mara nne ya kaya za vijiji vya juu, na jaribio la t, linalolinganisha wastani wa makundi mawili, likatoa thamani p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, kama kweli tofauti haipo) iliyo chini ya 0.001. Vijiji vya chini ndivyo vilivyokuwa vikitembelewa zaidi na mabwana shamba, kwa hiyo wale vijana wakaandika sura nzima kuhusu nguvu ya ugani, mbolea na miche bora. Nami nilitamani iwe kweli, kwa hiyo sikuibana sura ile kwa maswali kama nilivyopaswa.

Matokeo yakarudishwa kwa wakulima wenyewe katika ukumbi wa chama chao cha msingi. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa safu ya nyuma alisimama. Kijana aliyekuwa akiwasilisha alimwamkia, naye akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mwanangu, hizo kilo ni za matunda au za maganda?" Kijana hakuelewa swali. Mama akamfafanulia bila haraka kwamba wao wa chini wako karibu na mtambo wa kumenya kahawa, hivyo wanachuma mchana na kupeleka matunda mabivu jioni, yanapimwa pale pale na risiti inaandikwa. Wenzao wa juu wako mbali na mtambo. Wanamenya nyumbani kwa mashine ya mkono, wanavundika, wanaosha, wanaanika, na kinachofika kwenye mizani ya chama ni kahawa kavu ya maganda. "Ukiniuliza kilo," alisema, "nitakutajia zile zilizoandikwa kwenye risiti yangu, na jirani yangu wa juu atakutajia za kwake. Sote hatukudanganyi."

Kila aliyekulia kwenye kahawa anajua kwamba kilo tano hivi za matunda mabivu ndizo zinazotoa kilo moja ya maganda makavu, na maganda hayo yakikobolewa uzito hupungua tena kwa kadiri ya moja ya tano. Tofauti yetu ya mara nne ilikuwa maji na nyama ya tunda. Kilichotenganisha makundi yetu mawili ya vijiji ni umbali wa kutoka shambani hadi kwenye mtambo, na umbali huo haukubadilisha mavuno hata kidogo. Ulibadilisha kitu kilichopandishwa kwenye mizani. Vijana waliokulia Moshi, baadhi yao wakiwa na wazazi wanaouza kahawa, walikaa mbele ya kompyuta wakasahau walichokijua tangu utotoni.

Dalili zote zilikuwapo. Histogramu ya kilo, yaani mchoro wa nguzo unaoonyesha ni kaya ngapi ziko katika kila kiwango, ingechorwa, ingeonyesha vilima viwili vilivyoachana, na vilima viwili mara nyingi humaanisha kwamba vitu viwili tofauti vimetiwa kwenye safu moja. Mkengeuko sanifu ulikuwa mkubwa kuliko wastani, na kwa kitu kisichoweza kushuka chini ya sifuri hiyo ni alama ya kusimama na kuuliza. Hatukusimama, kwa sababu thamani p ilitupendeza. Jaribio la t halijui matunda wala maganda. Hupokea namba kwa imani kwamba aliyezileta amehakikisha zinahesabu kitu kimoja, kisha hujibu kama tofauti iliyopo inaweza kuelezwa kwa bahati ya sampuli pekee. Lilijibu sawasawa. Swali ndilo lililokuwa limeharibika tangu kwenye dodoso.

Dodoso halikuwa na nafasi ya kuonyesha hali ya kahawa, kwa hiyo ilibidi wale vijana warudi kutafuta risiti nyumba kwa nyumba. Waliozitunza wakasahihishwa, waliozipoteza wakaondolewa kwenye uchambuzi, sura nzima ikafutwa, na baadhi ya wanakikundi wakachelewa kuhitimu kwa dodoso ambalo saini ya kuliidhinisha ilikuwa yangu. Tangu siku ile sipitishi swali lolote la kiasi kabla halijaeleza mambo manne: ni kitu gani, kikiwa katika hali gani, kwa kipimo gani, na nani aliyekipima. Ukiuliza magunia, ulizia kama ni lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, au gunia lililoshonwa kwa kilo zinazojulikana. Ukiuliza mikungu ya ndizi, kumbuka kwamba mikungu haina uzito mmoja. Ukiuliza eka kwenye kihamba kilichogawanywa kwa wana kizazi baada ya kizazi, jitayarishe kupima mwenyewe kwa hatua au kwa simu yenye GPS.

3. Alama ya 999 mliyoweka kwa mhojiwa asiyejua umri wake itangazwe kwenye programu kuwa ni data inayokosekana kabla hamjatafuta wastani wowote.

4. Wastani na mediani (namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa) chagueni kwa kufikiri, kisha muulize kama hata kimoja kinajibu swali. Mfano mzuri uko hapa jirani, kwenye miteremko ya Meru, ambako maji ya chemchemi na mito mingi yana floridi nyingi. Waliokulia maeneo ya Maji ya Chai na Ngurdoto wanaijua kwa rangi ya kahawia kwenye meno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tuseme umepima vyanzo vitano ukapata 0.6, 0.8, 1.1, 1.3 na 9.2. Wastani ni 2.6, na ripoti yako itasema kata nzima iko hatarini. Mediani ni 1.1, na ripoti ya mwenzako itasema kata nzima iko salama. Nimeona wanafunzi wakibishana kwa moto ni kipi kati ya hivi viwili kilicho "sahihi", ilhali hakuna mtoto anayekunywa wastani wala mediani. Anakunywa maji ya chanzo ambacho mama yake anachota. Ofisa wa maji anahitaji kujua ni vyanzo vingapi vinavyovuka 1.5, viko wapi, na kaya ngapi zinachota kwenye kila kimoja. Ikiwa kile chenye 9.2 ndicho kilicho karibu na shule, mambo yote katika ripoti yabadilike kwa ajili yake. Thamani iliyo mbali na wenzake msiifute kwa sababu inaharibu mchoro. Rudini mkapime tena, na ikithibitika, anzeni ripoti nayo.

5. Fomula ya Yamane, ile ya kukadiria ukubwa wa sampuli, haiwachagulii watu wa kuhoji. Najua mnaipenda. Mnachukua idadi ya watu, mnaigawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara 0.05 (kiwango cha kosa mnachokubali) iliyopandishwa kipeo cha pili, na jibu linaandikwa kwenye sura ya tatu kwa herufi nzito. Jaribuni kuichunguza kidogo: kijiji cha watu 2,000 kinatoa 333, mji wa watu 20,000 unatoa 392, na mkoa mzima wa Arusha unatoa 400. Kwa 0.05 haitavuka 400 kamwe, hata mngeweka dunia yote. Hesabu hiyo ina maana pale tu watu wanapochaguliwa kwa bahati nasibu, kila mmoja akiwa na nafasi sawa. Ninyi mnakokotoa 392 kwa uangalifu, kisha mnakwenda stendi kuu na soko la Mbuyuni saa nne asubuhi na kumhoji yeyote anayekubali kusimama. Aliye shambani hayumo, aliye kiwandani hayumo, mgonjwa hayumo, na mama mwenye mtoto mchanga hayumo.

Wingi haumponyi mtafiti aliyechagua vibaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni takriban milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, na likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda urais. Franklin Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametoka kwa sehemu kubwa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, na hata kati ya waliotumiwa, waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa na msimamo sawa na walionyamaza. Anayehoji watu 120 waliochaguliwa kwa kura kutoka rejista ya kitongoji, akarudi mara ya pili na ya tatu kwa wasiokuwapo, namheshimu kuliko mwenye 400 wa stendi.

6. Hata namba ya serikali ina siku yake ya kuzaliwa. Kwa mujibu wa sensa, mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087 mwaka 2012 na watu 1,861,934 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 13.5. Arusha ilitoka 1,694,310 ikafika 2,356,255, ongezeko la takriban asilimia 39. Kila mwaka yupo mwanafunzi anayeandika hapo hapo kwamba watu wa Kilimanjaro wamepunguza kuzaa. Huenda wamepunguza, lakini namba hizi mbili haziwezi kumwambia hivyo, maana idadi ya mkoa hubadilika kwa kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama, na kila mtu hapa ana ndugu aliyekwenda kutafuta maisha Arusha, Dar es Salaam au Mwanza. Tena sensa ya 2022 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Fikirini ingefanyika usiku wa kuamkia Krismasi, mabasi yakiwa yamewarudisha watu Rombo, Marangu na Machame, na kila nyumba ya kijijini ikiwa imejaa wajukuu. Mkoa ungekuwa ule ule, na idadi ingekuwa nyingine kabisa. Kwa kupanga vyoo vya shule, hesabu ya Agosti inafaa. Kwa kupanga vitanda vya hospitali na maji ya wiki ya mwisho ya Desemba, mtu akiitegemea hiyo peke yake atawakosea wengi.

7. Thamani p iliyozidi 0.05 haithibitishi kwamba tofauti haipo, hasa sampuli ikiwa ndogo. Faili la awali mlitunze bila kuligusa, na kila badiliko mliandike pamoja na tarehe na sababu yake.

Kazi ya kuanzia ni hii. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imechapisha matokeo ya sensa ya 2022 hadi ngazi ya kata. Kila mmoja achukue kata aliyokulia, atazame idadi ya wanaume na ya wanawake pamoja na wastani wa watu kwa kaya, na kabla ya kufungua Excel aandike kwa kalamu ni watu gani anaowafahamu yeye mwenyewe ambao usiku ule wa Agosti walilala kwingine, na walikuwa wamefuata nini huko. Mniletee karatasi hiyo kwanza. Majedwali tutayafanya pamoja baadaye.